Mbwa Aliyeshindwa Mtihani Wangu

Siku ya kuniaga, wenzangu wa bandani mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na swali lile lile ambalo nimeulizwa tangu nianze kazi: mzee, katika mbwa wote hawa, ni wa aina gani mwenye akili kuliko wenzake? Nilicheka, nikasema nitawajibu kwa maandishi. Mlidhani nawakwepa. Sasa nimestaafu, saa iko sebuleni, na mke wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama sina pa kwenda. Muda ninao. Nitawaeleza ninavyojua, pamoja na jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui kwa sababu lilitokea kabla hamjaajiriwa, na ambalo nikilikumbuka mpaka leo huwa nashusha pumzi.

Nilitoka kwetu Majita nikiwa na cheti cha kidato cha nne na binamu mmoja aliyekuwa mlinzi Mwanza. Binamu ndiye aliyenipeleka kwenye kampuni yao ya ulinzi. Siku ya kwanza tulipangwa mstari, na msimamizi akauliza nani kati yetu haogopi mbwa. Niliinua mkono. Ukweli ni kwamba niliwaogopa vibaya sana. Nilipokuwa darasa la tatu mbwa mmoja alinichania kaptula ya shule na mama akanimalizia kwa fimbo. Lakini nilikuwa nimeshaona walinzi wa getini wanavyosimama juani tangu asubuhi, na nilikuwa nimeona pia kwamba banda la mbwa kule Nyegezi limejengwa katikati ya mawe makubwa, penye kivuli. Basi mtu asiwadanganye kwamba kila kazi ya maisha huanza na wito.

Aliyenipokea bandani alikuwa Mzee Lubango, Msukuma wa Magu, mstaafu wa jeshi, mtu ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi na mengine akabaki nayo. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa mbwa. Alinifundisha kupika. Uji wao ulikuwa wa unga wa mahindi, mzito, na dagaa ndani yake, na dagaa wale walipaswa kuchekechwa kwanza ili mchanga utoke, kwa sababu mchanga husaga meno ya mbwa taratibu bila yeye kulalamika. Mpaka leo nikikaribishwa ugali kwa dagaa nyumbani kwa mtu, jino langu la kwanza huwa la ukaguzi. Wiki ya pili alinipa mkanda wa ngozi na kopo la mafuta ya sangara, nikaulainisha mpaka ukakubali kukunjika. Wiki ya tatu ndipo aliponipa mbwa, na pamoja na mbwa, sheria yake kuu.

"Upepo wa ziwa unakula sauti," alisema. "Mkono hauliwi."

Shikeni hapo, maana kosa langu lilianzia kwenye ushauri mzuri. Kazi zetu nyingi zilikuwa ufukweni: maghala ya samaki, yadi za boti, maegesho ya kivuko. Mchana upepo ukishaanza kutoka ziwani, unaweza kumpigia mbwa kelele mpaka mishipa ikutoke na asisikie kitu. Kwa hiyo mbwa wa banda letu walifundishwa kwa ishara za mkono tangu wakiwa watoto. Mkono ukipanda juu, kaa. Ukinyooshwa kando, nenda kule. Ulikuwa utaratibu safi, na wageni waliotutembelea waliupenda, kwa sababu mtu mmoja angesimama kimya mbele ya mbwa sita na wote wakakaa pamoja.

Miaka ilienda, Mzee Lubango akarudi kwao Magu, nami nikawa ndiye wa kuulizwa. Nitasema niliyoyaona kwa kila aina. Mjerumani, yaani yule shepadi tuliyemzoea, hukutazama usoni kana kwamba umechelewa kumpa maelekezo. Mfundishe jambo asubuhi, jioni analo, na kesho yake atakukumbusha ukilisahau. Rotwaila analo pia, ila anataka kujua kama ni lazima. Tulikuwa na mmoja, Tajiri, ambaye alikataa kupanda kivuko cha Kamanga mbele ya abiria wote. Tukamvuta, tukambembeleza, tukampa nyama, akala nyama na akabaki nchi kavu. Nilimwita mjinga. Safarini siku hiyo ziwa lilichafuka na sote tuliopanda tulitapika. Mbelgiji, yule mwembamba mwenye uso mweusi, hufanya jambo kabla hujamaliza kulifikiria, na nusu ya mara huwa si jambo ulilotaka. Mmoja wao alijifunza kufungua komeo la mlango wake, akaenda kufungua la jirani yake, akarudi kwake akalala. Tulimlaumu jirani wiki nzima.

Na mbwa wa kienyeji? Kwa muda mrefu sikuwa na la kusema juu yao. Mtu akiniuliza nilisema wanajua kubweka, na kubweka hata mlango mbovu unajua.

Sikuwa nasema hayo hewani. Nilikuwa na mtihani wangu, na niliuamini kuliko nilivyoamini vyeti vyangu. Unachukua bakuli tatu za aluminiamu, unazipaka zote mchuzi ili pua isimsaidie mbwa kudanganya, unazifudikiza chini kwa mstari, na chini ya moja unaweka kipande cha nyama. Mbwa anakaa mbali kidogo na mwongozaji wake. Mimi nasimama nyuma ya bakuli, nainua mkono juu ili anitazame, kisha nanyoosha kidole kwenye bakuli lenye nyama. Akilifuata, tiki. Mara kumi. Shepadi wetu mmoja, Simba, alikuwa akipata tisa au kumi kila nikimpima. Wabelgiji walipata saba au nane. Marotwaila sita, wakiwa na hali nzuri. Wa kienyeji walipata mbili, moja, sifuri. Nilikuwa na madaftari yaliyojaa alama hizo, aina kwa aina, na meneja alipenda kuwaonyesha wateja.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Alikuwepo mlinzi mmoja, Nyanjige, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na mbwa wake wa kienyeji aliyeitwa Mtasema. Mbwa huyo alizaliwa Nansio kwa shangazi yake Nyanjige kabla kampuni haijamnunua, na kama mnavyojua desturi yetu, jina la mbwa mara nyingi ni barua kwa jirani. Shangazi alikuwa na majirani. Mtasema alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, mwembamba hata akishiba. Wawili hao walilinda ghala moja la samaki, na hapakupotea kitu. Lakini Nyanjige hakutumia ishara hata moja. Alimwongoza mbwa wake kwa kutembea naye na kumnong'oneza, wenzake wakimcheka kwamba anamsimulia hadithi. Mimi niliona ni utovu wa nidhamu, na nilimwonya mara mbili.

Kisha zikaja habari kwamba kampuni imeagiza Mbelgiji mpya kutoka nje, na vyumba vya banda vilikuwa vimejaa. Zamani mbwa asiyefaa tulimpa mtu akaenda naye. Lakini mwaka ule mbwa mmoja tuliyemgawa alimng'ata jirani wa mtu, ikawa kesi, na meneja akaapa kwamba hakuna mbwa wetu atakayegawiwa tena. Atakayeshika mkia kwenye mtihani wangu atachomwa sindano ya kifo, na chumba chake atapewa mgeni. Akaniomba orodha. Niliwapima wote upya kwa siku mbili. Zamu ya Mtasema ilipofika, nilipoinua mkono tu alijilaza chini, masikio yakarudi nyuma, akaanza kujivuta kuelekea ukutani. Mara kumi. Hakulitazama bakuli hata mara moja. Niliandika sifuri, na pembeni yake nikaandika: hana akili, hafundishiki. Nikatia sahihi. Nyanjige alisoma ile karatasi ukutani, akaikunja midomo yake ndani, akaenda kuchota maji ya mbwa kama kawaida.

Sindano ilipangwa Jumatano. Jumanne asubuhi akaja daktari wetu wa mifugo, Zuhura, mzaliwa wa mjini Mwanza, wa familia ya Kiislamu ya mafundi cherehani. Kwao walikuwa wamemzoea na kazi yake, lakini mbwa wakimgusa kwa mate alinawa kama dini yake inavyomwelekeza, mara saba, moja yake kwa udongo. Kwenye gari lake daima palikuwa na kopo la udongo safi. Hakulifanyia maonyesho wala hakulificha. Alinipa shikamoo kwa haraka, nikaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mzee Bwire, mimi ndiye nitakayeshika sindano kesho. Naomba unionyeshe huo mtihani kwanza."

Nilikereka kidogo, nikaficha. Nikapanga bakuli, Nyanjige akamleta Mtasema, nikainua mkono, mbwa akajilaza, akajivuta. Daktari akaniomba nirudie, nikarudia. Mambo yakawa yale yale. Akaguna, akaenda kumpima mbwa mdomo na macho, akisema basi angalau ajue kama haoni. Mtasema alikuwa anaona vizuri. Alimlamba daktari mkononi na kwenye saa.

Zuhura akaenda bombani. Kopo lake siku hiyo lilikuwa tupu. Alisema alilitumia lote kijijini jana yake. Kwa hiyo akainama pale pale kando ya bomba ili achote udongo kidogo chini. Wakati huo Mtasema alikuwa ametulia miguuni pa Nyanjige, anakula kutoka kiganjani mwake. Daktari alipoinama tu na vidole vyake kugusa ardhi, mbwa yule aliruka, mkanda ukamponyoka Nyanjige, akakimbia mpaka nyuma ya pipa la maji na kujibanza huko akitetemeka. Zuhura akabaki ameinama, udongo mkononi, akimtazama.

"Ameona naokota jiwe," alisema.

Nyanjige akajibu kwa ile sauti yake ndogo kwamba ndivyo alivyo, kwamba mtu yeyote akiinama mbele yake hukimbia, maana mbwa wa mitaani hupigwa mawe tangu hajafumbua macho sawasawa. Daktari alimaliza kunawa bila haraka, mara zote saba, nasi tukisubiri. Kisha akanigeukia.

"Na mkono uliopanda juu, mzee, kwa mbwa kama huyu una maana gani?"

Jibu nililijua tangu nikiwa mtoto. Kule kwetu hakuna aliyehitaji kufundishwa: ukikutana na mbwa njiani unainama, na kama hukupata jiwe unainua mkono mtupu, naye anaondoka. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Kila mbwa wa kienyeji aliyesimama mbele ya bakuli zangu nilikuwa namtishia jiwe, mara kumi, halafu namnyima alama kwa kuelewa. Mbwa wa kizungu walizaliwa bandani kwetu. Mkono wa mtu kwao ulikuwa umeleta nyama tu. Na mimi, mwana wa Majita, niliyerusha mawe yote yale, ndiye niliyekuwa sijaliona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tukaanza upya. Niliketi chini kabisa, mikono nimeikalia. Nyanjige akapanga bakuli, na ishara ikawa ni mimi kugeuza uso na kulitazama lenye nyama, basi. Mtasema alichungulia kutoka nyuma ya pipa. Alichukua muda, sitawadanganya. Kisha akaja, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akafuata macho yangu, akaligeuza bakuli kwa pua. Tulifanya mara kumi akakosea mara moja, na Nyanjige alishikilia kwamba ile mara moja ni mimi niliyepepesa. Daktari akasema tumlete Simba. Simba akaja na sifa zake zote, akaketi, na akaanza kukitazama kiwiko changu. Nilitazama bakuli la kushoto, lile lenye nyama, akakitazama kiwiko. Akaenda kwenye lolote. Akapata tatu.

Zuhura alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka Jumatano.

Nilikwenda kwa meneja mchana ule ule. Nilimwambia orodha haifai, aliyeiandaa amekosea, na aliyeiandaa ni mimi. Aliniuliza basi orodha sahihi iko wapi. Nikasema sina, na sidhani kama ipo. Hakufurahi. Alinikumbusha kwamba Mbelgiji anafika wiki hiyo na mbwa hawalali wawili chumba kimoja.

"Huyo mgeni nimlaze wapi, Mzee Bwire? Ofisini kwako?"

Alisema kwa kunikomoa. Nikasema ndiyo, ofisini kwangu panatosha. Alinitazama kama mtu anayepima kama natania, kisha akasaini kuifuta ile orodha. Mlikuwa mnashangaa kwa nini mkuu wa banda anaandika ripoti zake barazani, mvua ikinyesha anahamia jikoni kwenye sufuria la uji. Sababu ndiyo hiyo. Nilipotoka nje nilimkuta Nyanjige amesimama karibu na geti, hajathubutu kuuliza. Nikamwambia Mtasema hachomwi. Aliketi chini pale pale kwenye changarawe na sare yake, akafunika uso, akalia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mimi nilijifanya nakagua geti.

Lakini usiku... hapana, niseme ukweli, haikungoja usiku. Nilikuwa bado nimeshika lile geti nilipokumbuka madaftari. Mtasema hakuwa wa kwanza kushindwa. Je, wale wengine? Nilitumia mchana wa kesho yake wote kupekua, jina kwa jina. Mmoja alirudi kwa aliyemleta, na nilimjua, yuko hai. Mmoja yuko shuleni kwa masista, mnene kuliko inavyofaa. Mmoja alikufa kwa uzee. Sheria ya sindano ilikuwa mpya, na Mtasema ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia. Nilipofika mwisho alikuwa amebaki mmoja tu ambaye sikujua mwisho wake: dume jeusi la kienyeji, Bosi, niliyempa mvuvi wa upande wa Kamanga pamoja na barua. Nakala ya barua ilikuwemo. Niliandika kwamba mbwa huyu hana akili, asipotezewe muda, afungwe tu abweke. Mbwa anayefungwa kwa barua kama hiyo kwa kawaida hamalizi msimu.

Jumamosi nilivuka na kivuko cha asubuhi. Pale ng'ambo niliuliza habari za mvuvi yule, nikaambiwa alishahamia visiwani, ila shemeji yake yupo, Mama Kulwa, anaanika dagaa ufukweni. Nilimkuta. Palikuwa na nyavu kuukuu zaidi ya ishirini zimetandazwa mchangani, dagaa juu yake, za watu mbalimbali, na kwangu zote zilifanana. Katikati yake alilala mbwa mweusi mwenye mvi mdomoni. Nilisimama kwanza, nikamtazama tu akipumua.

Mbuzi wakaja. Waliingia kwenye wavu wa kwanza wakala, Bosi akafumba macho. Waliingia kwenye wa pili, akafumba macho. Mmoja alipoweka kwato kwenye wavu wa Mama Kulwa, mbwa akawa ameshafika. Vivyo hivyo kwa kunguru na makorongo. Mama Kulwa alinieleza kwamba majirani wanalalamika, wanataka awalindie na wao, lakini hakuna mtu aliyemfundisha mbwa huyo kitu. Alihamisha nyavu zake mara kadhaa na mbwa alizijua zote, hata alizoazima. Aliniuliza kama ninanunua dagaa.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia barua ile niliiandika mimi, kwamba nilimpima mbwa wake vibaya, na kwamba nimevuka kuja kuomba radhi, ingawa sikujua kwa nani. Aligeuza dagaa wake kwa ufagio mpaka mwisho wa wavu ndipo akanijibu.

"Ungemsifia, shemeji angeondoka naye," alisema. "Kaa, unywe uji."

Nikakaa. Kikombe cha kwanza kilipoa mkononi nikimtazama Bosi. Cha pili nilikimaliza.